Barua ya wazi kwa mpwa wangu mwenye gari ya Toyota Mark X: hela ya koilova iache kwanza

Mpwa wangu,

Juzi uliponipakia pale Mtwara mjini kwenda Mikindani sikusema kitu mbele ya wenzako, nilikaa kimya nimeshika mkono wa mlango. Ila mimi ni mjomba wako, na huku kwetu kusini mtoto akiharibikiwa mjomba yupo lawama ni za mjomba, kwa hiyo leo naongea.

Umesema malipo ya korosho yakitoka tu unaagiza koilova, zile shokapu zilizovikwa springi za kupandisha na kushusha kimo, unaishusha gari, unafunga springi ngumu, kisa gari inayumba kwenye kona. Mjomba, nilikuwa nimekaa pembeni yako. Pale barabara inapojikunja kufuata ufukwe uliingia na themanini na kitu, katikati ya kona ukakutana na bodaboda kabeba madumu, ukaachia mafuta ghafla na breki juu yake. Gari inayosukumwa na tairi za nyuma ukiifanyia hivyo uzito wote unakimbilia mbele, nyuma inabaki nyepesi, mkia unataka kukupita. Nilihisi kiti kinaondoka chini yangu kabla macho hayajaona kitu. Halafu gari ikakaa sawa, na wewe ukageuka ukasema "umeona shokapu zilivyokufa?" Kumbe kwenye deshibodi kataa ka njano kalikuwa kanawakawaka, ule mfumo wa kuzuia gari isiserereke ndo umeturudisha barabarani, wewe hukukaona, mimi nilikaona.

Hiyo ni injini ya lita 3.5, farasi 318. Breki unashika kabla ya kona gari ikiwa imenyooka, unaingia taratibu, macho yanatangulia kule unakotaka kutokea, mafuta unarudisha usukani ukianza kunyooka. Hicho hakuna fundi wa kukufungia. Na spidi nayo ina hesabu yake, ukitoka 50 kwenda 100 umbali wa kusimama kwa breki hauongezeki mara mbili, unakuwa mara nne, na kwenye 100 kila sekunde unayochelewa kukanyaga umeshakula mita 28. Pita na 100 pale Mingoyo mtoto akatize barabara, koilova itakusaidia nini?

Sikatai, shokapu iliyovuja ni hatari kweli, tairi linadundadunda halishiki lami. Kandamiza boneti uachie, ikiendelea kunesa badilisha, angalia na bushi na boljointi, kisha ukapime alaimenti, yaani mkao wa tairi. Lakini weka za kimo kilekile cha gari. Barabara zetu hizi na viraka vyake na matuta, springi ngumu iliyoshushwa inafanya tairi liruke, na tairi lililo hewani halikati kona wala halisimami. Waliokimbia Safari Rally, yale mashindano ya magari ya Afrika Mashariki, walikuwa wananyanyua magari, sio kuyashusha. Na mwaka 1965 dereva wa Kenya Joginder Singh na mdogo wake Jaswant walishinda Safari na Volvo PV544 iliyokuwa imeshatumika, wakati watu wamekuja na magari mapya. Hilo huwa nalifikiria sana.

Kingine, ulipoenda kununua pweza nilizunguka gari yako. Tairi za nyuma ubavuni zimeandikwa 1815, yaani wiki ya 18 mwaka 2015. Nikapitisha kucha kwenye mifereji, mpira mgumu kama kisigino, una nyufa ndogondogo. Gari nzima na farasi wote hao na roho zetu wanne vinashika lami kwa sehemu nne zenye ukubwa wa kiganja, halafu wewe unawaza koilova! Hela ikitoka nunua tairi nne mpya, na za mtumba sitaki kuzisikia. Itakayobaki weka mafuta ya kufanyia mazoezi.

Jumapili saa kumi na mbili asubuhi nipitie nyumbani, tutafute uwanja wa wazi usio na watu. Nitapanga madumu matupu, utaanza na spidi 30, utakuwa unashika breki pale ninapokuonyesha mpaka mguu uzoee. Njoo peke yako, wenzako waache walale, na uvae viatu sio ndala.

Mjomba wako