Risala ya klabu ya historia kwa mgeni rasmi

Assalaam aleykum mheshimiwa mgeni rasmi, mwalimu mkuu, wazazi na wanafunzi wenzetu, karibuni sana skulini kwetu.

Mheshimiwa, sie mwaka huu tumeshughulika na jambo moja tu, hamamu za Unguja, yaani nyumba za kukogea za zamani. Kila siku tunapita Hamamni, mtaa wa Mji Mkongwe, na mikoba yetu mgongoni, tunalitaja jina tu, kumbe wengi hatujawahi kujiuliza hamamu yenyewe iko wapi na nani alikuwa akikoga humo. Aliyeijenga ni Seyyid Barghash, yule aliyetawala 1870 mpaka 1888, kazi akampa fundi wa Kiajemi Haji Gulamhussein, na haikuwa ya jumba la mfalme, ilikuwa ya watu wa mji, ikaendelea mpaka karibu 1920.

Tulikwenda kuiangalia, ndani kuna ubaridi mzuri, kimya, mwanga unashuka kutoka matundu ya juu mpaka sakafuni. Mwenzetu mmoja kashuka vidaraja vya hodhi, kavu kabisa, akasimama katikati akaanza kutuita na sauti ikawa inazunguka kuta zote, sote tukanyamaza. Zamani humo mlikuwa na maji ya moto na ya baridi, kinyozi, na pahala pa kula, yaani mtu anaingia na vumbi la mji anatoka kakoga, kanyolewa na kashiba! Kwa kweli sisi hapo ndo tulipopapenda.

Hamamu ya Kidichi ni kwengine, huko ni shamba, Seyyid Said, babake Barghash, aliijenga 1850 kwa ajili ya mkewe, mjukuu wa Shah wa Iran, na kuta zake zina maua na ndege wa chokaa waliochongwa kwa mkono. Huko bado hatujafika mheshimiwa, tumeona picha tu.

Na hili linatuuma, siku ya Hamamni wenzetu wanane walibaki skuli kwa kuwa kwao hakukuwa na pesa ya safari, tuliporudi wakawa wanatuuliza mpaka usiku, hodhi kubwa kiasi gani, maji yalipita wapi.

Kwa hiyo ombi letu ni gari moja la kutupeleka Kidichi, na hao wanane wawe wa mwanzo kupanda. La pili, utusaidie kuchapisha kijitabu tulichokiandika kwa Kiswahili, kimeshakamilika, kiko kwa mwalimu wetu wa historia.

Tunaomba kuwasilisha.