Waliofanya kwanjula hawaishi dhambini

Ndugu Mhariri,

Kila mwaka Pasaka ikikaribia, kanisani kwetu hapa Busia husomwa tangazo lile lile: wanaoishi pamoja "bila ndoa" waandikishe majina, wafungishwe kwa pamoja, warudi kwenye Meza ya Bwana. Mimi ni mzee wa kanisa, na mwaka huu kazi ya kupokea majina imeniangukia. Familia 11 zimejiandikisha. Nilipowauliza, 7 walikuwa wamekwisha kufanya kwanjula, yaani sherehe ya kimila ya utambulisho na mahari nyumbani kwa binti. Barua ilipelekwa, mahari ikatolewa, shangazi akamkabidhi binti, mwenyekiti wa LC (baraza la mtaa) akiwa amekaa kiti cha mbele kama ilivyo desturi yake.

Hao wana ndoa. Sheria ya kusajili ndoa za kimila ipo Uganda tangu 1973. Inawataka waliooana wafike gombolola (ofisi ya tarafa) na mashahidi wawili kabla ya miezi 6 kupita tangu sherehe zikamilike. Wasipokwenda wamefanya kosa, lakini ndoa yao haifi kwa sababu hiyo. Kinachoua ni mambo mengine: Katiba inadai kila mmoja awe ametimiza miaka 18 na awe amekubali kwa hiari yake. Na wale wanne waliobaki kwenye orodha yangu? Wamekaa tu pamoja, wengine miaka mingi na watoto wakubwa. Hao sheria haiwatambui kuwa mume na mke hata wakizeeka nyumba moja. Kwao tangazo letu linafaa kabisa.

Nalisema hili kwa uchungu wa nyumbani. Binti wa dada yangu alifanya kwanjula, kisha akafunga ndoa katika kanisa moja la hema. Mchungaji wake alikuwa akihubiri kwamba kwanjula ni "mila tu", mbele za Mungu si kitu. Mume alipofariki, ukoo wa marehemu ukauliza cheti. Alikuwa nacho, kizuri, chenye muhuri wa dhahabu. Ofisi ya usajili wa ndoa haikuwa na habari nacho, wala na kanisa lenyewe. Halikuwa na leseni ya kufungisha ndoa. Sheria ya Ndoa inabatilisha ndoa ya namna hiyo pale wote wawili walipojua na wakakubali hivyo hivyo. Yeye hakujua, lakini kuthibitisha kwamba hukujua jambo ni kazi ya mawakili, na mawakili wanakula. Kilichomwokoa mahakamani ni ile "mila tu": barua ya posa, picha za siku ile, na wazee wetu wawili waliosimama wakaeleza ng'ombe walifika lini na walikuwa wangapi.

Tukisema Biblia, tuisome yote. Mtumishi wa Ibrahimu alikwenda kwa watu wa Rebeka na zawadi, akakaa na kaka na mama, wakamwita binti wakamuuliza kama atakwenda na mtu huyu. Akasema atakwenda. Isaka akamwingiza hemani, akawa mkewe. Mganda yeyote akisoma Mwanzo 24 anaona kwanjula, imekosekana shangazi tu. Na kanisa la magharibi lenyewe halikulazimisha kuwepo kwa padri na mashahidi wawili hadi Mtaguso wa Trento (mkutano mkuu wa maaskofu), 1563. Kabla ya hapo, wawili wakikubaliana, hata faraghani, ndoa ilihesabiwa ni ndoa. Mpaka leo Wakatoliki wanafundisha kwamba maarusi ndio wanaopeana sakramenti hiyo.

Mchungaji wetu ana hoja moja ambayo siwezi kuipuuza. Ndoa ya kimila inamruhusu mwanamume kuongeza mke. Ya kanisani inaufunga mlango huo: ukioa mwingine ni jinai, kifungo chake kinafika miaka 5. Mama wengi wanaojiandikisha kwangu wanafuata kufuli hilo hasa, wala siwalaumu. Basi tuwaambie hivyo. Tuseme tunawapandisha kutoka ndoa moja kwenda nyingine yenye masharti makali zaidi, tusiwaite wazinzi mbele ya watoto wao.

Na sisi tunaodai utaratibu tuanze kwetu. Sheria inataka jengo lenye leseni, mchungaji anayetambuliwa, milango wazi kati ya saa 2 asubuhi na saa 12 jioni, mashahidi wawili, kisha taarifa zipelekwe kwa msajili kila mwezi. Ni makanisa mangapi ya mabati kando ya barabara ya Tororo yanayofanya hivyo? Maarusi waulize kuhusu leseni kabla ya kuuliza bei ya keki.

Fomu za mwaka huu zimeshachapwa. Kwenye zile 7 nimepiga mstari juu ya maneno "bila ndoa" na kuandika kwa kalamu "ndoa ya kimila, waelekezwe gombolola". Mchungaji bado hajaziona.

Mzee wa kanisa,
Busia, Uganda