Barua ya wazi kwa Mkurugenzi Mkuu wa UNESCO: uraia wa dunia upimwe darasani

Mheshimiwa Mkurugenzi Mkuu,

Nakuandikia nikiwa mwalimu wa jiografia wa sekondari, kuhusu shabaha 4.7 ya Malengo ya Maendeleo Endelevu. Mwaka 2015 nchi 193 zilikubaliana kwamba ifikapo 2030 kila mwanafunzi awe amepata maarifa na stadi za kuendeleza maendeleo endelevu, zikiwemo haki za binadamu, usawa wa kijinsia, utamaduni wa amani na uraia wa dunia. Shirika lako ndilo lililokabidhiwa kuifuatilia ahadi hiyo. Muda uliobaki ni mfupi, na naamini kipimo tunachokitumia hakilioni darasa.

Kiashiria 4.7.1, kipimo rasmi cha shabaha hiyo, kinauliza elimu hii imeingia kwa kiasi gani katika mambo manne: sera, mitaala, mafunzo ya walimu na upimaji wa wanafunzi. Maswali yenyewe ni mazuri. Tatizo ni anayejibu. Dodoso linapelekwa serikalini, maofisa wanalijaza, na nchi inapata alama kati ya 0 na 1 kwa kila jambo. Anayeulizwa kama kazi imefanyika ni yuleyule aliyepewa kuifanya. Sera ikitaja maendeleo endelevu kwenye dibaji, nchi ina la kujibu, hata kama mwalimu hajawahi kuitia machoni sera hiyo.

Niruhusu nieleze hali ilivyo kwa sisi tunaoshika chaki. Vipindi ni vichache, muhtasari wa somo ni mrefu, na mada ya mazingira mara nyingi hufikiwa wakati watu wameshaanza kujiandaa na mtihani. Mwanafunzi anauliza, tena kwa haki kabisa: "Mwalimu, hii inatoka kwenye mtihani?" Inatoka, na inatoka hivi: taja madhara manne ya ukataji miti. Mwongozo wa kusahihishia una madhara sita. Akipatia manne anapewa alama zote. Amekariri usiku, ameyaandika asubuhi, na kufikia jioni yameshamtoka. Hakuna hata sentensi moja iliyomtaka afikiri.

Swali la aina nyingine linawezekana. Mpe mwanafunzi huyo jedwali la mvua la miaka 30 na ramani ya mto unaopita nchi mbili. Mweleze kwamba wakulima wa nchi ya juu wanataka bwawa la umwagiliaji, shirika la umeme linataka maji hayohayo yazungushe mitambo, na mji ulio nchi ya chini unayategemea kwa kunywa. Mwambie ayagawe, aonyeshe hesabu zake, aeleze ni nani atakayepungukiwa mwaka wa ukame, kisha autetee uamuzi wake mbele ya watu wa ng'ambo ya mpaka, ambao hawana kura katika nchi yake. Hapo jiografia, hisabati na uraia vimekutana, na uraia wa dunia umekuwa kitu anachokifanya kwa kalamu mkononi. Ni kweli kwamba swali hili ni gharama kulisahihisha, kwa kuwa linahitaji msahihishaji aliyefundwa kupima hoja. Lakini likitoka kwenye mtihani wa taifa mara moja tu, mwaka unaofuata shule zitakuwa zinafundisha namna ya kulijibu. Sijaona waraka wa wizara unaofanya kazi kwa kasi hiyo.

Kwamba serikali zinasitasita kupimwa hivi, tumeshaliona. Katika PISA ya mwaka 2018, tathmini ya kimataifa ya wanafunzi wa miaka 15 inayoratibiwa na OECD, jumuiya ya ushirikiano wa kiuchumi ya nchi ambazo nyingi ni tajiri, kuliongezwa jaribio la uwezo wa kuelewa masuala ya dunia na mitazamo ya watu wengine. Nchi na maeneo 79 yalishiriki PISA mwaka huo, lakini yaliyokubali wanafunzi wao wafanye jaribio hilo yalikuwa 27 tu. Zipo sababu za kitaalamu za kulikosoa jaribio lile, hasa swali la nani anaamua jibu sahihi kuhusu utamaduni wa mwingine. Dawa ya kasoro hizo ilikuwa kulitengeneza vizuri zaidi, kwa kuwashirikisha walimu wa pande zote za dunia, na kazi hiyo ingekaa vyema mikononi mwa UNESCO.

Halafu kuna walimu wenyewe. Utafiti wenu wa mwaka 2021 ulipitia mifumo ya mitaala ya nchi 100 na kukuta asilimia 47 haitaji kabisa mabadiliko ya tabianchi. Walimu waliohojiwa, asilimia 95, waliona ni muhimu kuufundisha uzito wa jambo hilo. Waliojiamini kulifundisha hawakufika asilimia 40. Pengo hilo linaniuma kuliko takwimu nyingine yoyote, kwa sababu linaonyesha kuwa nia ipo tele, ila mafunzo hayajatufikia. Chuo cha ualimu kikimpa mwanachuo mhadhara mmoja kuhusu mazingira na kumwacha hapo, atakwenda kufundisha kutaja madhara manne, kama alivyofundishwa yeye.

Elimu hii inaleta matokeo pale inapoachwa ifike mwisho. Mwaka 1974 wanasayansi Molina na Rowland walionya kuwa gesi za makopo ya kupulizia zinaharibu tabaka la ozoni. Watu wa kawaida walielewa hoja hiyo na wengi wakaacha kununua makopo hayo. Marekani ikapiga marufuku sehemu kubwa ya matumizi hayo mwaka 1978, na Mkataba wa Montreal, wa kimataifa wa kulinda tabaka hilo, ukafuata mwaka 1987. Raia walioelewa kemia kidogo waliwabana watengenezaji na wabunge. Mtoto tunayemfundisha kuokota takataka na kufunga bomba, basi, tunampa theluthi ya somo. Ana haki ya kujua pia nani anazalisha takataka hizo, sheria gani inaruhusu, na yeye anaweza kudai nini na wapi.

Mheshimiwa, Novemba 2023 nchi wanachama zilipitisha Pendekezo jipya la elimu kwa ajili ya amani, haki za binadamu na maendeleo endelevu, kuhuisha lile la mwaka 1974. Taarifa za utekelezaji wake zitaendelea kuletwa mezani kwako. Naomba kila nchi iambatishe mitihani yake ya taifa na miongozo ya kusahihishia, isomwe na jopo huru lenye walimu wanaofundisha sasa, na matokeo yachapishwe nchi kwa nchi. Naomba pia dodoso la mafunzo ya ualimu lijibiwe na walimu walioajiriwa karibuni, moja kwa moja, bila kupitia wizarani.

Wako katika kazi ya elimu,

Mwalimu wa jiografia