Barua kwa mwanangu: ulizima wapi?

Marahaba mama. Na mjukuu wangu umfikishie salamu zake. Sisi huku Tanga wazima, mama yako goti ni lilelile.

Ile video uliyoweka status juzi nimeiona. Nimeiona mara nne, ya tano bando likakata. Umepanda stuli ya jikoni, mfuniko wa boksi la nje la AC umeufungua umeuegemeza ukutani, mkono mmoja mpira wa maji mkono mwingine umeshika nondo za dirisha, na mkwe wangu kazi yake kucheka na simu. Mama yako akasema ona mwanangu anavyojua kazi. Mimi nilikuwa natafuta kitu kimoja tu kwenye ile video, ile swichi ya ukutani yenye kitaa chekundu, na haionekani popote. Sasa nakuuliza, ulizima wapi? Kwenye hiyo breka ya ukutani au kwa rimoti?

Maana rimoti haikati umeme mwanangu. Rimoti inailaza tu AC, moto bado uko kwenye waya mle ndani, na wewe unamwaga maji umesimama kwenye stuli iliyolowa.

Alafu hata ukizima breka bado hujamaliza. Hiyo AC yako ni ya inveta, mle ndani kuna kapasita, vile vifaa vya kutunza umeme, zinabaki na umeme hata kama umeshazima kila kitu, kwahiyo unazima unaenda kunywa chai robo saa nzima ukirudi unapima kwa mita ya umeme kabla hujatia mkono, na tesita ya bisibisi hapo haikwambii kitu. Hivi vidole vyangu viwili vya kushoto ambavyo mpaka leo nikishika kikombe cha moto sisikii, nyie mnajua ni panga la kufyekea. Halikuwa panga. Kapasita ilinipiga nikavuta mkono kwa nguvu ukapita kwenye makali ya bati, mchana juani, nina haraka niwahi kazi ya pili. Mama yako nae nilimwambia panga, kwahiyo ukiongea nae kwa simu usianzishe hayo maneno, niachie mwenyewe.

Na kufungua ule mfuniko wala hukuwa na haja. Mwenye nyumba kazi zake ni filta, bomba la kutolea maji, na kulimwagia boksi la nje likiwa limefungwa vilevile, basi, mengine ni ya fundi. Filta na hilo vumbi la barabara yenu osha kila baada ya wiki mbili, maji ya kawaida na sabuni kidogo, anika kivulini sio juani zitajikunja zisirudi kwenye reli zake. Unajua ile barafu ulioniambia ulikuta kwenye bomba mwezi uliopita? Mara nyingi ni filta tu hiyo, imeziba, hewa haipiti, baridi inakosa pa kwenda inageuka barafu, ikiyeyuka inachuruzika ukutani, alafu yule fundi wako anakuja anakwambia gesi imeisha.

Gesi haiishi! AC sio pikipiki kwamba unaitilia mafuta inatembea yanakwisha. Ile gesi inazunguka humohumo miaka yote, ikipungua ujue kuna mahali panavuja, patafutwe pazibwe kwanza ndo ijazwe. Umelipia gesi mara tatu ndani ya mwaka mmoja na hukuniuliza, mimi baba yako niliyeanza hizi kazi na zile AC za dirishani. Na akija tena mwambie akusomee kibandiko cha ubavuni, yako imeandikwa R32, hiyo ni aina ya gesi inayoweza kushika moto. Sisi tulizoea R22 haiwaki, ndo maana mafundi wa umri wangu wengine anachomelea bomba huku sigara iko mdomoni. Kwako asifanye hivyo, na mtoto asiwepo chumbani.

Ila ulivyoshika ile bisibisi, mh, mkono wa fundi ule. Nilikuwa namchukua kaka yako kwenda site, analala kwenye pikapu mpaka jioni, wewe ndo ulikuwa unanifuata mlangoni na maswali yako ya hii inafanya nini na hii je, nakwambia nenda kamsaidie mama yako vyombo. Haya. Kaka yako sasa hivi anauza vocha na hata taa ya chumbani kwake nambadilishia mimi.

Kingine, hayo maji ya mpira ni ya DAWASA au ya kisima? Visima vingi vya Kigamboni vina chumvi, na hizo bati nyembamba za alumini kwenye boksi la nje ukitaka zife haraka ziweke karibu na bahari alafu zioshe na maji ya chumvi. Tumia maji matamu hata ndoo mbili tu kwa kopo, na usikubali vijana wa kuosha magari waje na ile mashine yao ya maji ya kasi, inazilaza zote. Umeme ukikatika ukarudi usiwahi kuwasha, kompresa, ile pampu ya gesi, ipumzike dakika kama tatu. Na unalalamika LUKU inakimbia kumbe unaweka nyuzi 16, weka 25 na feni ya juu, mtoto mwenyewe analala na soksi jamani! Ukiwa na AC ile bei nafuu ya chini ya yuniti 75 kwa mwezi isahau.

Huku mnazi wa nyuma umeanguka, ahsante Mungu haukugusa choo. Ile hela uliyotuma tumenunulia bati nne za jikoni, bado mbili, sio kwamba nakudai nakwambia tu. Kuku waliobaki watano.

Jumamosi natuma kiroba cha machungwa ya Muheza kwa basi, mkwe wangu akakipokee Mbezi kituoni. Katikati ya machungwa kuna mita yangu ya njano nimeifunga kwenye kitenge, betri mpya nimetia. Usimwazime mtu. Waya mwekundu umelegea kidogo pale kwenye shina, ushike hivyohivyo utakubali.

Nijibu leo, breka au rimoti? Usinitumie kile kikatuni cha dole gumba. Na mama yako anasema kitenge akirudishe nani, ni chake.

Baba yako