Malalamiko: Springi zilibadilishwa, mkaifuta dhamana ya pampu ya maji

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,

YAH: KUKATALIWA KWA DAI LA DHAMANA, PAMPU YA MAJI, KILOMITA 41,000

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Nilinunua kwenu pikapu mpya ya dizeli mwaka mmoja na miezi minane iliyopita, ikiwa na dhamana ya kiwanda ya miaka mitatu au kilomita 100,000, lolote litakalotangulia. Wiki tatu zilizopita nikaanza kukuta doa la waridi sakafuni kila asubuhi ninapoliondoa gari. Lilikuwa doa dogo, upana wa kisahani cha chai, lakini kulanti, yaani maji ya kupoza injini, kwenye chupa ya akiba ilikuwa inashuka. Sikuongeza maji ya bomba wala sikumwita fundi wa mtaani. Nilileta gari kwenu siku iliyofuata kama kitabu cha dhamana kinavyoagiza.

Mpokea magari wenu hakufungua boneti. Alitoa simu akalizunguka gari, akipiga picha: ngao ya mbele, taa mbili za ziada, matairi, kisha akachuchumaa apige springi za nyuma. Picha kumi na mbili, nilihesabu. Hakuna hata moja ya mahali panapovuja. Nilipomwambia maji yanatoka upande wa injini alinijibu, "Tutafika huko, mzee." Ninasimulia haya kwa sababu jibu nililopewa baadaye linafanana sana na mzunguko ule.

Aliyefungua boneti ni fundi wenu kijana, mchana. Aliniita nione kwa tochi. Chini ya shingo ya pampu ya maji kuna kitundu kidogo kama ncha ya kalamu, ambacho watengenezaji hukiacha makusudi ili sili ya ndani, ile inayozuia maji yasipenye, ikichoka, kulanti itoke nje ionekane badala ya kuingia kwenye beringi kimyakimya. Kutoka kwenye kitundu hicho ulikuwa umeshuka mchirizi uliokauka, ukoko wa waridi mfano wa chumvi, hadi kwenye kona ya bloku. Kijana akalegeza mkanda, akaishika puli kwa vidole viwili na kuitikisa. Ikacheza. "Sili imekwisha, na beringi inaifuata," akasema. Simtaji, na ninaomba asisumbuliwe kwa maneno yake. Katika watu wote niliokutana nao kwenye karakana yenu, ni yeye peke yake aliyeangalia kilichoharibika.

Siku mbili baadaye nikaletewa ujumbe wa simu. Naunukuu wote, maana si mrefu: "Gari limefanyiwa marekebisho yasiyoidhinishwa. Waranti imefutwa." Maneno sita. Pampu haikutajwa, sili haikutajwa, wala haikutajwa ni marekebisho yapi.

Niyataje basi mimi mwenyewe, maana sina cha kuficha. Gari lilipofika kilomita 12,000 nilibadilisha springi na shokapu nne, gari likapanda milimita 40. Siku hiyohiyo nilivua matairi ya 265/65R17 yaliyokuja nalo nikafunga 265/70R17, makubwa kidogo, kwenye rimu zilezile za kiwandani. Taa za ziada zina nyaya zake, rilei yake na fyuzi yake moja kwa moja kutoka kwenye betri, hazikuchomekwa popote kwenye nyaya za gari. Kompyuta ya injini haijaguswa. Hilo mnaweza kulithibitisha kwa dakika chache kwa mashine yenu, kwa kulinganisha toleo la programu iliyomo na lile lililotoka kiwandani. Sijaongeza puli wala mashine yoyote inayovutwa na mkanda ule.

Ninajua pia nilichokipoteza kwa kufanya hivyo. Gari likiinuliwa, mhimili unaopeleka nguvu kwenye magurudumu ya mbele unafanya kazi kwa pembe kali zaidi, na mipira na viungio vyake huchoka mapema. Matairi makubwa yanaongeza mzigo kwenye beringi za magurudumu, kwenye breki na kwenye giaboksi, na yanaidanganya spidomita: yale ya kwangu yana kipenyo kikubwa kwa kama asilimia 3.4, kwa hiyo mshale ukionyesha 100 mimi niko kwenye 103 na kidogo. Hata hizo kilomita 41,000 mnazosoma kwenye dashibodi kwa kweli zimekaribia 42,000. Nimeamua kujihesabia hizo za ziada kabla hamjanihesabia nyinyi. Kama ningeleta gari hili na kiungio cha mbele kimepasuka, au shokapu inavuja, au tairi limelika upande mmoja, na mkaniambia "hiyo ni juu yako," ningelipa na kuondoka. Aliyenifungia springi alinieleza hayo na nilikubali.

Pampu ya maji iko mbele ya injini. Inazungushwa na mkanda. Haijui gari liko juu kiasi gani kutoka ardhini. Kama kuna njia inayotoka kwenye springi ya nyuma na kufika kwenye sili ya pampu, naomba mnionyeshe, hata kwa mchoro wa mkono. Sili za pampu huuawa na mambo yanayojulikana: kulanti isiyo sahihi au iliyochanganywa, mkanda uliokazwa kupita kiasi, puli isiyokaa sawa, uchafu ndani ya mfumo, au kasoro ya pampu yenyewe tangu ilipotengenezwa. Kulanti iliyomo ni ile ya kiwandani, na mara pekee ilipoongezwa iliongezwa na karakana yenu kwenye sevisi ya pili. Mko na karatasi.

Nilipopiga simu kulalamika, dada wa upande wa pili, ambaye kwa kweli alikuwa na adabu, aliniuliza kama ngao ya mbele haiwezi kuwa imezuia upepo kufika kwenye rejeta, injini ikachemka, sili ikaungua. Ni swali la maana na nilifurahi kwamba kuna mtu aliyelifikiria. Lakini swali hujibiwa kwa kupima. Injini ikichemka, kompyuta huweka alama ya hitilafu pamoja na joto lilivyokuwa wakati ule. Someni alama hizo mniambie. Mshale wa joto haujawahi kuvuka katikati tangu nimelinunua gari, na taa ya onyo haijawahi kuwaka.

Halafu kuna jambo moja kuhusu ngao hiyo. Mliiuza nyinyi. Imo kwenye ankara ya siku niliyochukua gari, mstari wa nne, chini ya zulia za sakafuni, na ilifungwa na mafundi wenu kabla sijakabidhiwa ufunguo. Muuzaji wenu alinisifia kwamba "inakaa vizuri na gari." Kama leo ngao hiyo ni rekebisho lisiloidhinishwa, ningependa kumjua aliyepaswa kuiidhinisha.

Na hizo springi mmeziona mara tatu. Nimefanya sevisi tatu kwenu tangu zifungwe, kwenye kilomita 20,000, 30,000 na 40,000, na kila mara gari lilipanda kwenye jeki yenu, likakaguliwa chini, kitabu kikagongwa muhuri. Kwenye sevisi ya 30,000 fundi aliandika kwa kalamu "suspensheni: sawa." Pesa ya sevisi mlipokea mara tatu bila neno. Ubaya wa springi umeonekana siku ambayo nyinyi ndio mnapaswa kutoa.

Nimekaa jioni mbili na kitabu chenu cha dhamana. Kipengele mnachokitegemea, nadhani, ni kile kinachosema dhamana haihusu uharibifu "unaotokana na" marekebisho au vipuri visivyo vya kampuni. Naomba msimame kwenye neno hilo, unaotokana. Hakikusema "gari lolote lenye" marekebisho. Aliyekiandika, na bila shaka alikuwa mwanasheria wenu, alijua tofauti: kitu fulani lazima kisababishe kingine. Kipengele hicho kinaniondolea dhamana ya viungio vya mbele nikivivunja kwa sababu ya kuinua gari, na ni haki. Hakiondoi dhamana ya pampu ya maji, ya mikanda ya usalama, ya rangi, ya mota za madirisha. Methali ya samaki mmoja akioza ilitungiwa kapu la samaki. Gari lina maelfu ya vipuri, na kila kimoja kinaoza kwa sababu yake.

Wala mawazo haya sikuyabuni mimi. Marekani wana sheria ya Magnuson-Moss tangu 1975, ambayo kwa kawaida inamzuia mtoa dhamana kuifunga dhamana kwa sharti la kutumia kipuri au huduma ya chapa fulani, isipokuwa anakitoa bure. Anayetaka kukataa dai kwa sababu ya kipuri cha nje anatarajiwa aonyeshe kwamba kipuri hicho ndicho kilicholeta hitilafu. Afrika Kusini nao, Tume ya Ushindani ilitoa mwongozo ulioanza kutumika Julai 2021 unaompa mwenye gari nafasi zaidi ya kuchagua fundi na vipuri wakati dhamana ingali hai. Sisemi sheria za watu zinawabana nyinyi. Nasema mtengenezaji wa magari haya anaishi nazo huko anakouza, na biashara yake haijafungwa. Kuulizwa "onyesha sababu" si jambo geni kwake.

Kinachoniumiza zaidi ya bei ya pampu ni alama mliyoweka kwenye mfumo. Nimepiga simu kwa wakala wenu mwingine kuulizia tu, akaingiza namba ya chasisi na kunijibu papo hapo: dhamana imezuiwa, yote. Kwa hiyo hata taa ya nyuma ikizimika kesho bila kuguswa na mtu, jibu liko tayari. Na siku nikiliuza, mnunuzi ataona gari la mwaka mmoja na miezi minane lisilo na dhamana, na hatajua kwamba chanzo ni kitundu kilichotoa machozi ya waridi.

Ninaomba mambo yafuatayo, na naomba majibu yake kwa maandishi, si kwa ujumbe wa simu. Kwanza, ripoti ya fundi inayotaja kipi kimeharibika na nini kimekiharibu, ikiwa na saini ya mtu aliyeitazama pampu. Kama ripoti itasema ni springi au matairi, ieleze kwa njia gani. Pili, nakala ya kumbukumbu za hitilafu zilizomo kwenye kompyuta ya gari kama zilivyosomwa siku nilipolileta, kabla hazijafutwa na mtu yeyote. Kama ripoti haitaonyesha uhusiano, pampu ibadilishwe pamoja na gasketi yake, kulanti na gharama ya ufundi, chini ya dhamana. Na ile alama kwenye mfumo ipunguzwe hadi pale inapostahili: andikeni, kama mnataka, kwamba shokapu, springi, matairi na vile vinavyobeba mzigo wake moja kwa moja haviko chini ya dhamana. Nitasaini mimi mwenyewe chini yake.

Moja zaidi, na hili ni la haraka. Pampu ya zamani isitupwe. Kijana aliponiambia vipuri vibovu hupelekwa kwenye pipa kila Ijumaa nilishtuka. Pampu hiyo ndiyo shahidi wangu pekee. Ukoko wa kulanti usioshwe, puli isitolewe. Ikihitajika nitamleta mhandisi asiye wa upande wangu wala wenu aikague, na gharama yake nitaitanguliza mimi. Akisema kosa ni la marekebisho yangu, nitalipa pampu, ufundi na siku zote ambazo gari limekaa kwenu. Akisema ni sili tu iliyokwisha mapema, mtanirudishia ya mhandisi pia.

Nasubiri siku 14 kuanzia mtakapopokea barua hii. Zikipita bila jibu nitaipeleka, pamoja na ankara yenye ule mstari wa nne na kurasa tatu zenye mihuri yenu, kwenye mamlaka inayoshughulikia haki za walaji, na nakala kwa mtengenezaji. Sitaki kufika huko. Gari lenyewe nalipenda, na kabla ya haya nilikuwa nimewaletea wateja wawili, shemeji yangu na jirani, ambao sasa wananiuliza kila jioni imefikia wapi.

Ufunguo mnao. Gari limeegeshwa nyuma ya karakana, karibu na matangi ya oili chafu. Nililiona juzi nilipopita: mmeweka kipande cha boksi chini ya injini kushika matone. Naomba pia mtu akipige picha kipande hicho, iwe ya kumi na tatu.

Wenu,

Mwenye pikapu, dai la pampu ya maji

Viambatisho: nakala ya ankara ya ununuzi, kurasa tatu za kitabu cha sevisi, ukurasa wa masharti ya dhamana, picha ya ujumbe wa simu.