Barua kwa Zuhura: moyo wa mtu wa dirishani

Tabata, Dar es Salaam

Shoga yangu Zuhura,

Salamu nyingi kwako na kwa wote hapo Kimara. Barua yako nimeisoma yote, hata ile mistari uliyoikata kwa kalamu (ukikata, kata vizuri, bado inasomeka). Unauliza ufanyeje uwe mvumilivu zaidi, maana mwisho wa mwezi wateja wakikupandishia sauti pale dirishani unapowahudumia unatetemeka hadi unakosea kuhesabu pesa, na ukifika nyumbani huna hamu hata ya kuongea na watoto. Nitakujibu kikazi, kama ninavyowajibu wafanyakazi wengine wanaoniomba ushauri, kubembelezana tutabembelezana tukionana. Uvumilivu unao, tena umezidi. Unachokosa ni nafasi ya kupona kati ya pigo moja na jingine. Nguvu ya kustahimili haipatikani pale unapofokewa. Inapatikana kabla, usingizini na kwenye maandalizi, na baada, kwenye saa ambazo kazi haikufikii. Kwa hiyo tuanze na saa.

Umesema unaingia saa mbili asubuhi na kutoka saa kumi na mbili jioni, Jumatatu hadi Jumamosi. Ukitoa saa moja ya kula zinabaki saa 9 kwa siku, 54 kwa wiki. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka kikomo cha saa 45 za kawaida kwa wiki, na 9 kwa siku. Zile 9 zinazobaki ni ovataimu, na kila saa inalipwa mara moja na nusu ya saa ya kawaida. Halafu hiyo saa ya kula: ukishafanya kazi saa tano mfululizo, dakika 60 za mapumziko ni haki yako. Kula chapati chini ya kaunta huku unaangalia foleni sio mapumziko. Chukua daftari, kwa wiki nne andika saa ya kuingia, ya kula na ya kutoka, ndipo uende kwa meneja. Ukienda na malalamiko matupu utaambiwa uwe na moyo wa kazi. Ukienda na daftari, mnazungumza hesabu.

Usingizi nao ni hesabu. Unaamka saa kumi na nusu alfajiri kuwahi mwendokasi. Mtu mzima anahitaji saa 7 angalau, kwa hiyo saa tatu na nusu usiku uwe umeshalala, sio ndio unaosha vyombo. Najua kwa nyumba yenye watoto hilo linataka mazungumzo na mumeo kuhusu nani anafanya nini usiku, na mazungumzo hayo ni sehemu ya tiba kuliko kidonge chochote. Kahawa ya saa kumi jioni iache: baada ya saa tano hivi, karibu nusu ya kafeini yake bado iko mwilini, na muda huo ndio unaotafuta usingizi. Asiyelala vizuri hukasirishwa na jambo dogo, akadhani ana tabia mbaya.

Sasa dirishani kwenyewe. Arlie Hochschild, mwanasosholojia wa Marekani, aliandika mwaka 1983 kuhusu wahudumu wa ndege, watu wanaolipwa kutabasamu. Alieleza njia mbili. Ya kwanza ni kuvaa tabasamu usoni huku ndani unachemka. Ya pili ni kutafuta ndani ya huyo mtu kitu cha kweli cha kumjali, na uso ukafuata wenyewe. Tafiti zilizofuata zimeonyesha kwamba ile ya kwanza ndiyo inayochosha zaidi, na ndiyo tunayofundishwa kwenye semina zetu za huduma kwa wateja! Ya pili inaanzia machoni. Mteja akifika, kabla hajafungua mdomo, angalia ameshika nini. Risiti iliyokunjwa mara nne na kulowa jasho, cheti cha hospitali, fomu ya ada ya mtoto. Sekunde mbili zinatosha kujua hofu yake iko wapi, na ukishaijua hofu, kelele zake hazikuchomi vilevile.

Kelele zikianza, usitegemee kufikiri papo hapo. Peter Gollwitzer, mwanasaikolojia wa Ujerumani, alionyesha kwamba nia ya jumla kama “nitakuwa mpole” hushindwa mara nyingi, lakini mpango wenye “ikitokea hivi, nitafanya hivi” hushika. Uandike wako kwenye karatasi ndogo, ubandike upande wako wa kaunta: “Akipandisha sauti, naweka kalamu chini, natoa pumzi, nasema: Mama, nimekusikia, nipe namba ya muamala tuanze nayo.” Akiwa mwanaume mtu mzima, sema mzee. Neno ambalo usilitamke kabisa ni “tulia”. Mtu mwenye hasira akiambiwa atulie anasikia kwamba shida yake imepuuzwa, na atapandisha zaidi ili isipuuzwe. “Mtandao uko chini” pia halitoshi. Ongeza utakachofanya na lini: “Nitajaribu tena baada ya dakika kumi, kaa pale nitakuita.” Na umuite kweli, hata kama mtandao bado, umwambie bado.

Pumzi ninayoisema ina namna yake. Vuta kwa pua hadi kifua kijae, ongeza nyingine fupi juu yake bila kutoa ya kwanza, halafu toa kwa mdomo, taratibu, kwa muda mrefu kuliko ulivyovuta. Mara mbili au tatu, hakuna atakayeona. Mapigo ya moyo hupungua wakati wa kutoa pumzi, ndiyo maana kutoa ndiko kurefuke. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walichapisha mwaka 2023 jaribio la mwezi mmoja la zoezi hili, dakika 5 kwa siku, na washiriki walipata nafuu ya hisia kuliko waliokaa kimya kutafakari. Kosa la wengi ni kuvuta pumzi nyingi kubwa harakaharaka. Unatoa kaboni dayoksaidi nyingi mno, unapata kizunguzungu na vidole kufa ganzi, ukaogopa zaidi. Ujizoeze nyumbani kwanza. Siku ya mishahara sio siku ya kujifunza.

Kabla ya kufunga, ukimaliza hesabu, andika mistari mitatu: lipi halijaisha, lipo kwa nani, na kesho utaanza na hatua gani. Kwa mfano “Muamala uliokwama wa yule mama, uko kwa msimamizi, kesho saa mbili na robo namuuliza.” Masicampo na Baumeister walionyesha mwaka 2011 kwamba jambo lisilokwisha huacha kumzunguka mtu kichwani akishaliwekea mpango mahsusi, hata kabla hajalifanya. “Kushughulikia muamala” haitakusaidia kitu, utaota kaunta. Baada ya hapo zima sauti ya grupu la WhatsApp la ofisi hadi asubuhi, na mwambie meneja mapema: likitokea la dharura apige simu. Wengi wanaogopa kusema hivyo. Wakisema, hugundua kwamba ya dharura ni machache sana, mengi ni picha za Ijumaa njema.

Kisha tembea. Shirika la Afya Duniani linataka angalau dakika 150 za mwendo wa wastani kwa wiki. Dakika 15 asubuhi na 15 jioni, siku tano, zimetimia, ukishuka mwendokasi kabla ya kituo chako na kumalizia kwa miguu. Mwendo uwe wa haraka kiasi kwamba unaweza kuongea lakini kuimba huwezi. Viatu vya ofisi viweke kwenye mkoba, vaa raba. Na jasho la Posta, pale katikati ya jiji, unalijua, beba kanga ya kujifutia.

Kuhusu lile la kuandika mambo ya kushukuru, ambalo umelisikia kila mahali: linafanya kazi kidogo, tena likifanywa kwa kipimo. Kwenye jaribio la Emmons na McCullough la mwaka 2003 kundi moja liliandika mara moja kwa wiki, mambo yasiyozidi matano, kwa wiki 10. Ukiandika kila siku “afya, familia, uhai” linageuka kuwa orodha ya sokoni. Chagua Ijumaa, andika mawili tu, yenye jina na saa: nani alikushikia dirisha ukaenda kuswali, mtoto alisema nini. Na usilitumie kufunika daftari la ovataimu. Kushukuru na kudai havigombani.

Mnapokula kwa mama ntilie, najua mnamchambua bosi mpaka wali unapoa. Dakika kumi ni dawa. Saa nzima kila siku mnarudia kisa kilekile, mnakuwa karibu zaidi na huzuni nayo inaongezeka. Mmoja wenu awe na kazi ya kuuliza: kesho tunabadilisha nini?

Ule mkopo wa kausha damu, wenye riba ya kunyonya, uumalize kabla ya kitu kingine chochote. Anayedaiwa kila wiki hawezi kusema hapana kwa meneja. Kama kikundi chenu cha VICOBA, kile cha kuweka na kukopeshana, kina riba nafuu, hamishia deni huko.

Likizo yako ni siku 28 mfululizo kwa mwaka, wikendi zikiwemo ndani. Omba uigawe mara mbili wakikubali, maana nafuu ya likizo huyeyuka wiki chache tu baada ya kurudi, na ya mwezi mzima ikiangukia msimu wa harusi utarudi umechoka kuliko ulivyoondoka.

La mwisho usilichukulie kirahisi. Kama huzuni, au kutofurahia hata unavyovipenda, kumekaa wiki mbili karibu kila siku, usingizi na hamu ya kula vimeharibika, hiyo huenda ni sonona, na barua yangu haitoshi. Nenda hospitali, upimwe na damu pia, maana upungufu wa damu na tezi ya shingo huleta uchovu unaofanana na huo. Muhimbili wana idara ya afya ya akili. Omba rufaa kituo chako cha afya. Ukijiwa na mawazo ya kujidhuru usisubiri rufaa, nenda dharura siku hiyohiyo, na mwambie mumeo au dada yako aende nawe.

Anza na daftari la saa na ile karatasi ya kaunta, mengine yasubiri wiki ya pili. Nitumie maneno utakayoyaandika kwenye karatasi nikusaidie kuyafupisha, mteja hasubiri hotuba. Wasalimie watoto na shemeji.

Wako,
Shoga yako wa Tabata