Wajawazito wasikilizwe moyo kliniki, valvu iliyobana inazibuliwa kwa puto

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako maana hili jambo limenikaa toka mwaka jana, na kila nikienda kliniki kumsindikiza mtu nikasikia mwanamke anasema "nahema tu, ni mimba hii", naishiwa nguvu kabisa.

Binti wa kaka yangu ana miaka 23, tunakaa naye hapa hapa Mtama. Toka mdogo tulimwita mvivu. Msimu wa korosho wenzake wanaokota mpaka jua linazama, yeye kidogo tu ameshakaa chini ya mkorosho anahema, na alipochezwa unyago ngoma ikipigwa yeye ndo wa kwanza kukaa, makungwi wakamsema sana. Na mimi shangazi yake nilimsema, nikikumbuka inaniuma.

Sasa mimba ilipofika miezi mitatu akawa hawezi kulala chali, usiku kucha kaegemea ukuta na mito mgongoni, anakohoa mpaka makohozi yanatoka na damu damu. Tulipoanzia wakatuambia ni mimba hiyo, tukarudi wakasema pumu akapewa ya kuvuta, tukarudi tena akapimwa TB mara mbili, hana. Nyumbani mama yake akaanza mambo ya jini, wala simlaumu, mzazi ukimwona mwanao anazama nchi kavu utashika chochote. Miezi miwili ikaenda hivyo hivyo.

Aliyetuokoa ni daktari mmoja kijana, hospitali nyingine kabisa. Akamlaza ubavu wa kushoto, akaweka kile kipimo chake chini ya ziwa la kushoto, akasikiliza muda mrefu mpaka nikaogopa. Akasema nasikia mngurumo, huyu akapigwe eko haraka, yaani ultrasound ya moyo. Mhariri, hakutumia mashine yoyote ya bei, ni masikio yake na ule mpira wa shingoni ambao kila kituo unao!

Eko ikaonyesha valvu ya mitral, ule mlango wa kati ya vyumba viwili vya kushoto vya moyo, imebana. Kwa mtu mzima asiyeumwa tundu lake lina sentimita za mraba 4 mpaka 6, la kwake lilikuwa 0.9. Tukaulizwa utotoni aliwahi kuumwa koo sana, viungo kuvimba? Ndo nikakumbuka darasa la tatu alivimba goti, likipoa hili linavimba lile, sisi tukawa tunamchua na mafuta ya nazi. Kumbe ndo yenyewe, baridi yabisi ya moyo. Mtoto anaumwa mafindofindo ya bakteria, hatibiwi vizuri, kinga ya mwili inapopambana na wale bakteria inageukia na viungo na moyo, valvu inapona na makovu, kingo zake zinagandana. Miaka inapita mtu anaishi nayo tu, ila akibeba mimba damu mwilini inaongezeka karibu nusu, inafika kwenye ule mlango mwembamba haipiti, inarudi nyuma kwenye mapafu. Ndo maana mtu anakohoa ukafikiri ni kifua.

Hapo ndo tukapoteza wiki tatu zingine, na hizi ni za kwetu wenyewe. Kaka yangu kusikia "moyo" na "Dar" akakataa, mwanangu hapasuliwi kifua na mimba tumboni, bora afie nyumbani. Hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba hapasuliwi. Yule daktari ikabidi ampigie simu mwenyewe amweleze taratibu, kwamba wanaingia kwenye mshipa wa kinena na mrija mwembamba unaitwa katheta, wanapanda nao mpaka moyoni huku wanaangalia kwenye skrini, wanatoboa kidogo ukuta wa kati ya vyumba vya juu, wanafika kwenye ule mlango, halafu kwenye ncha kuna puto dogo linajazwa sekunde chache tu, zile kingo zilizogandana zinaachia, puto linapunguzwa linatolewa. Kifua hakiguswi. Na si majaribio haya, aliyebuni ni Mjapani, daktari wa upasuaji Kanji Inoue, toka mwaka 1982, mimi hata sijazaliwa.

Akakubali, hela ya korosho ikawa nauli. Dar walimchoma ganzi ya pale kinena tu, tumbo wakalifunika na kinga nzito ya madini ya risasi mtoto asipate mionzi, akawa macho anaongea nao. Tundu likatoka 0.9 likafika 1.8. Usiku ule alilala chali, mimi ndo sikulala, nilikuwa namwangalia tu anavyopumua.

Sisemi puto ni la kila mtu. Walituambia kabisa kama kuna damu imeganda kwenye chumba cha juu cha kushoto, au valvu imeshakuwa ngumu kama jiwe, au inavujisha sana, hapo puto halifai, na kuna mara valvu inachanika ikaanza kuvuja ikabidi upasuaji kweli. Pia huko mbele inaweza kubana tena. Lakini ukichelewa ndo unafika huko kwenye isiyofaa.

Ombi langu kwa wanaosimamia afya mikoa yetu ya Lindi na Mtwara ni hili, mjamzito akifika kliniki wanampima presha, uzito, damu, mkojo, basi wamuongezee dakika mbili wamsikilize na moyo, na anayehema akiwa amelala asirudishwe nyumbani kwa neno la "ni mimba". Na familia zielezwe puto ni nini kabla hofu haijatangulia, maana kina kaka yangu wapo wengi huku.

Jingine ni sindano ya benzathini penisilini, dawa ya kuua wale bakteria wa koo. Binti yetu anatakiwa kuchomwa kila wiki 4, miaka na miaka, koo lisirudi likamalizia ile valvu. Amejifungua salama mtoto wa kike, ananyonya vizuri. Sindano inayofuata ni Alhamisi hii na tunapochomewa wameshaniambia dawa imeisha, kwahiyo kesho asubuhi napanda gari kwenda Lindi mjini kuitafuta, nikikosa naunganisha Mtwara.

Shangazi wa mgonjwa,
Mtama, Lindi